Mbuyu Ungali Mchicha

Basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya likishaiacha Mikumi nyuma, abiria waliosinzia huanza kuamka mmoja mmoja. Mibuyu imetanda pande zote mbili za barabara, imeng'ang'ania miteremko ya mawe juu ya Mto Ruaha Mkuu. Kituo chenyewe kimechukua jina lake humo: Ruaha Mbuyuni, Wilaya ya Kilolo, Iringa. Vitunguu vinapandishwa madirishani, chenji inarushwa, safari inaendelea. Muda si mrefu gari linaukwea Mlima Kitonga, hewa inapoa, na mibuyu inakoma. Kuanzia Mufindi ni chai, mipaini na mikaratusi, miti ambayo mwenyewe anatarajia kuivuna kabla kifungua mimba wake hajaoa.

Safari moja nilishuka pale Mbuyuni. Mbuyu unataka kuguswa. Gome lake ni la kijivu, lina mikunjo kama goti la tembo, na kwenye shina kulikuwa na mambo za mti zilizopigwa zamani ili watu wapande kutafuta asali na ubuyu. Mti ulikuwa umezimeza karibu zote. Ukichunwa gome kwa ajili ya kamba, hurudishia jingine, jambo ambalo miti mingi haiwezi. Ndani hauna mbao ya maana, ni nyuzi zilizojaa maji, na nadhani hilo ndilo limeuponya na msumeno. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayowavuta tembo wa Hifadhi ya Ruaha, ambao kiangazi huuchimba kwa pembe hadi wakati mwingine ukaanguka.

Maua yake meupe hufunguka jioni, popo wakayatembelea usiku, na kesho yake yameshadondoka. Bila popo, huo ubuyu mwekundu tunaowanunulia watoto ungekuwa adimu.

Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote Afrika, 9 ilikuwa imekufa au mashina yake ya kale zaidi yameporomoka katika muda wa miaka 12 hivi. Mingi ilikuwa kusini mwa bara, na walishuku mabadiliko ya tabianchi. Hata hivyo, kilichonikosesha raha pale Mbuyuni si mizee. Nilizunguka hadi jua likawa kali nikitafuta mbuyu wa kimo changu. Sikuupata.

Waswahili wanasema mbuyu ulianza kama mchicha, na wengi tunadhani ni tamathali tu. Mche wa mbuyu kweli hauna dalili ya ukubwa: majani yake ya mwanzo ni moja moja, hayajagawanyika kama vidole vya mkono, kwa hiyo hata aliyekulia chini ya mbuyu anaweza asiutambue. Mbuzi akiuona anautafuna. Jembe likipita linaung'oa. Mikubwa tunaiheshimu, tunakalia kivuli chake na kukipa kijiji jina lake, lakini mtoto wake tunamkanyaga.

Niliondoka na mbegu mfukoni. Nikazimwagia maji ya moto, maana ganda lake ni gumu, nikaziloweka, kisha nikazipanda kwa shangazi yangu huko huko bondeni. Miche miwili ikaota. Niliporudi kuitazama, mmoja ulikuwa umebaki, na shangazi alikuwa ameshaunyanyulia jembe.