Kisangani: Neno la siri moja kwa wafanyakazi wote, nani aliyefuta deni?

Tuchukue mfano wa depo ya saruji na mabati katika komini ya Makiso, katikati ya mji wa Kisangani. Ina tawi Mangobo na lingine ng'ambo ya mto, Lubunga. Wateja wake wengi ni wafanyabiashara wadogo wanaochukua bidhaa kwa deni. Majina yao, namba zao za simu na madeni yao yote yamo katika programu moja ya kompyuta, na wafanyakazi sita huifungua kwa neno la siri moja tu: lile la patroni.

Siku moja deni la dola 400 halionekani tena. Programu inaonyesha kwamba aliyelifuta ni patroni, naye anajua hakufanya hivyo. Wa kwanza kushukiwa ni mtunza fedha, kwa sababu ndiye anayekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Hata kama hana kosa, hana cha kuonyesha ili ajitetee.

Ndiyo maana kugawa ruhusa ndani ya programu ya wateja si jambo la mafundi peke yao, wala si kumwambia mfanyakazi kwamba haaminiki. Kunailinda mali ya patroni, na kunalilinda jina la mfanyakazi.

Kila kazi na ruhusa zake

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1975, wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazohitajika kwa kazi yake. Mwaka 1992, David Ferraiolo na Richard Kuhn walipendekeza ruhusa zifuate kazi badala ya kupewa mtu mmoja mmoja. Mtu akibadilishiwa kazi, ruhusa zake zinabadilika pia.

Katika depo ya mfano wetu, muuzaji anaweza kuandika mteja mpya na oda, lakini hawezi kufuta. Mtunza fedha anaandika malipo, bila uwezo wa kugusa bei wala kupunguza deni. Mkuu wa tawi la Lubunga anaona wateja wa Lubunga peke yao. Mhasibu anasoma kila kitu, ila hauzi. Kufuta deni kunabaki kwa mtu mmoja, na jina lake linaandikwa kila anapofanya hivyo.

Programu zinazojulikana tayari zina nafasi hiyo. Katika Dolibarr, ambayo haina malipo ya leseni na inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta ya ofisini bila intaneti, ruhusa za kusoma, kuandika, kufuta na kutoa orodha nje hutolewa kila moja peke yake. Odoo, iliyotoka Ubelgiji, inaweza kumwekea muuzaji mpaka ili aone kazi zake mwenyewe tu.

Ruhusa ya kutoa orodha nje inahitaji uangalifu zaidi. Aliye nayo anaweza kubeba wateja wote katika flashi ndogo na kuwapeleka kwa mshindani. Tena, kwa Wakongo wengi namba ya simu ndiyo pia akaunti ya pesa, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Tapeli anayejua jina, namba na deni la mtu ana maneno ya kutosha ya kumdanganya.

Kuanzia wapi?

Kazi inaanza kwenye karatasi: andika nani anafanya nini, kabla ya kufungua kompyuta. Kisha mpe kila mtu jina lake na neno lake la siri, na ujaribu kila akaunti kuona inafika wapi. Patroni naye awe na akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Ile ya msimamizi aifungue tu anapobadilisha ruhusa. Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku ileile, lakini isifutwe, ili alichokiandika kibaki na jina lake.

Kikwazo kikubwa ni mazoea. Pale kompyuta ni moja na wateja wamepanga foleni, wa kwanza anaifungua asubuhi na wengine wanaendelea kwa jina lake hadi jioni. Bila kila mmoja kufunga akaunti yake kabla ya kuondoka kitini, mpango wote ni bure.

Sheria pia inahusika. Sheria kuhusu mambo ya kidijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu ya ulinzi wa data binafsi, na inamtaka anayezikusanya azilinde.

Katika depo yenye akaunti sita, swali la dola 400 lingejibiwa kwa kufungua ukurasa mmoja: jina, tarehe, saa. Na mtunza fedha asiye na kosa angerudi kwenye kiti chake kuhudumia foleni.