Mwalimu wa Nasari Si Yaya

Tukiulizwa hapa shuleni tunataka kuwa nani baadaye, wengi wetu hutaja udaktari, urubani na uanasheria. Sijasikia hata mmoja akisema anataka kuwa mwalimu wa nasari. Mimi mwenyewe niliicheka kazi hiyo. Nilidhani ni kupangusa makamasi, kuimbisha na kugawa uji hadi akina mama waje kuchukua watoto wao. Likizo iliyopita nilipata dawa ya ujinga huo.

Nilipelekwa Luanda Kotieno kwa dada ya baba, ambaye kwa Kijaluo ninamwita waya. Kwa asiyepajua, Luanda Kotieno ni ufuo wa Ziwa Victoria kule Uyoma, Kaunti ya Siaya, mahali ambapo watu hupandia feri ya kwenda Mbita. Wenyeji wengi hutegemea samaki: omena, mbuta na ngege. Waya ndiye mwalimu kiongozi wa darasa moja la nasari karibu na ufuo. Msaidizi wake alikuwa amejifungua, basi nikaambiwa nishike nafasi yake kwa wiki tatu. Nikajiona mwalimu kamili!

Kwanza wacha nieleze asili ya mambo haya. Kule Ujerumani, Friedrich Froebel alifungua mahali pa kuwalea na kuwafunza watoto wadogo mwaka 1837, na mwaka 1840 akapaita kwa Kijerumani bustani ya watoto. Hapa Kenya, baada ya uhuru wa 1963, nasari nyingi zilijengwa na wazazi wenyewe kwa moyo wa harambee. Mwaka 1984 kilianzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja mwaka 2003, nasari iliachwa nje. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoikabidhi kazi hii kwa kaunti, nazo serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Tangu mtaala mpya uenee nchini mwaka 2019, madarasa haya huitwa PP1, la watoto wa miaka minne, na PP2, la wa miaka mitano. Lakini mtaani bado ni nasari tu, nami nitaiita hivyo.

Sasa, mwalimu kiongozi hufanya nini? Nitaeleza kama nilivyoona.

Jambo la kwanza ni kupokea. Waya hufika kabla ya mtoto yeyote. Huzunguka uwanja akiokota vigae vya chupa na ndoana zilizotupwa, hutazama choo, hujaza maji kwenye ndoo yenye bomba. Kisha husimama mlangoni na kumwamkia kila mtoto kwa jina lake, akiwa ameinama ili macho yao yalingane. Nilidhani ni adabu tu. Kumbe ni uchunguzi! Katika salamu hiyo moja anajua ni nani ana homa, nani hakula jana, na nani alikesha ufuoni mama yake akingojea mashua za alfajiri. Aliyekesha hulazwa mkekani nusu saa kabla ya lolote. "Huwezi kumfundisha mtoto anayesinzia," aliniambia. "Utakuwa unaufundisha ukuta."

Jambo la pili ni kuhesabu. Ziwa liko karibu, na maji hayamjui mtoto wa mtu. Waya huhesabu vichwa kabla ya kutoka nje, wakiwa nje, na wakirudi. Sheria yake kwetu wakubwa wawili ilikuwa hii: tusitazame upande mmoja kwa wakati mmoja. Mmoja akiongoza wimbo, mwingine yuko nyuma akitazama. Mchana mtoto hapewi mtu asiyejulikana, hata akisema yeye ni mjomba. Na maji ya ziwa si ya kuchezea hata pale yasipofika magotini, kwani kuna kichocho.

Jambo la tatu ni kuipanga siku. Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kimya dakika arobaini kama sisi tunavyokaa kwenye somo la hesabu (na hata sisi, tuseme kweli, tunajikaza). Kwa hiyo kazi ya kukaa hufuatwa na ya kuruka; hadithi hufuatwa na mchezo; baada ya uji ni pumziko. Darasa lina kona: ya nyumbani, ya vitabu, ya duka. Vifaa si vya kununua. Ni vifuniko vya soda vya kuhesabia, kokoto, vipande vya nyavu kuukuu, na magorogoro matupu ya kupimia. Nilipouliza kwa nini wanacheza badala ya kusoma, Waya alicheka. "Anayepima mchanga kwa gorogoro anasoma hesabu. Anayeshona kipande cha wavu anazoeza vidole vitakavyoshika penseli."

Jambo la nne ndilo lililonichoma moyo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nalo ni lugha.

Siku yangu ya pili, mvulana mmoja mdogo alinivuta shati akasema, "Pi." Maana yake ni maji. Nilielewa vizuri sana, Kijaluo ni lugha ya nyumbani kwetu. Lakini mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, tena katibu! Nikamwambia kwa sauti, mbele ya wenzake, "Sema maji. Ukisema pi sikupi." Akanitazama. Watoto wengine wakacheka. Akarudi kukaa, hakunywa.

Siku ya tatu hakusema neno. Ya nne vilevile. Siku ya tano alijikojolea kitini kwa sababu aliogopa kuomba ruhusa. Mtoto ambaye mwanzoni alikuwa akiimba kuliko wote!

Waya hakunikaripia mbele ya watoto. Alingoja waende zao, tukakaa kwenye vile viti vidogo, kama tulivyokaa kila jioni kuzungumzia siku ilivyokwenda. Akaniuliza, "Nyathina, ulimfundisha neno gani?"

Nikajibu, "Maji."

"Hapana. Ulimfundisha kunyamaza."

Kisha akanieleza. Mtoto huja shuleni na mali moja tu, nayo ni lugha ya mama yake. Kwa lugha hiyo ndiyo hufikiri, huomba na hulia. Ukimnyang'anya mlangoni, unamwacha mikono mitupu. Ndiyo maana tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 sera ya Kenya imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo hilo. Uyoma lugha hiyo ni Kijaluo. Mjini penye makabila mengi aghalabu huwa Kiswahili. Lugha nyingine hujengwa juu ya ile ya kwanza, kama ghorofa ijengwavyo juu ya msingi. "Kiswahili tutamfundisha," alisema, "lakini kwa kumwongezea, si kwa kumpokonya."

Usiku ule sikulala vizuri.

Jumatatu Waya alinituma kwenye kona ya duka na amri moja: niwe mnunuzi, nisiwe mwalimu. Yule mvulana alikuwa muuzaji. Nikamwuliza kwa Kijaluo bei ya gorogoro la omena. Kimya. Nikangoja. Nikauliza tena, nikimwonyesha vifuniko vyangu vya soda. Hatimaye akanyoosha vidole akahesabu polepole, "Achiel, ariyo, adek." Vifuniko vitatu. Nikalalamika kwamba jana ilikuwa viwili. Akanijibu kama mzee wa sokoni kwamba mwezi umetoka. Na alisema kweli! Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, omena huadimika na bei hupanda. Mtoto wa miaka minne, nami nikamdhania hajui kitu. Wiki ya tatu alikuwa akihesabu "moja, mbili, tatu" pia, bila mtu kumlazimisha. Na akitaka maji alisema pi au maji, kama ulimi ulivyomjia.

Jambo la tano ni wazazi. Waya ana kalenda ukutani ambayo ameichora miezi, mchanga na mpevu. Mchango wa uji huuomba siku za giza, mashua zinapopata omena, si siku za mbalamwezi. Uvuvi wa omena unapofungwa na serikali ili samaki wazaane, huwa mpole zaidi, na mtoto hafukuzwi. Yeye husema mtoto hana deni.

Wenzangu, sasa mnaona kwa nini nasema mwalimu wa nasari si yaya. Ni mpokeaji, mlinzi, mpangaji, na kiongozi wa msaidizi wake. Kosa la mwalimu wetu wa Kidato cha Tatu tunaweza kumwuliza tukasahihishana. Kosa nililofanya mimi, mtoto yule hakuweza kuniuliza. Alinyamaza tu.

Na sisi wa Chama cha Kiswahili, tuipende lugha yetu, tuikuze, tuishindanie. Lakini tukikutana na mtoto anayeomba maji kwa lugha ya mama yake, tumpe maji kwanza.