Sodo za bure: nusu ya sheria tunayoisahau

1/ Siasa zikipamba moto hapa Wamagana, ahadi ya sodo za bure haikosi. Poa. Lakini sheria ya 2017 inadai mambo mawili: sodo kwa wasichana wa shule za umma, na njia salama ya kuzitupa bila kuharibu mazingira.

2/ Hiyo ya pili huisikii jukwaani. Sodo nyingi za dukani zina plastiki. Ukizitupa kwa choo cha shimo haziozi, shimo linajaa.

3/ Dawa iko. Makerere, Uganda, walibuni Makapads za mafunjo. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walionyesha nyuzi za mkonge zikitayarishwa vizuri hufyonza kuliko pamba. Na mkonge Kenya tunao.

4/ Kwa hivyo mwenye ahadi muulize: zimetengenezwa na nini, na zikishatumika zinaenda wapi?