Pikapu za umeme na bei ya kashata nene

Mnunuzi wa pikapu ya umeme ya Rivian R1T huko Marekani akifika kwenye hatua ya kuchagua magurudumu, hudhani anachagua sura ya gari. Kumbe anachagua kilomita. Kwa vipimo vya EPA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, R1T ya mwaka 2023 yenye mota nne na betri kubwa ilipewa maili 328, sawa na kilomita 528, ikiwa na matairi ya misimu yote ya inchi 21. Ikivalishwa matairi ya njia mbovu ya inchi 20, yale ambayo madereva huyaita AT, inashuka hadi maili 289. Kilomita 63 zimepotea na betri ni ileile.

Zimeliwa na kashata. Tairi la AT lina vipande vinene vya mpira vyenye mifereji mipana. Kila kipande kinapogusa lami kinajikunja, kinapata joto, na joto hilo ni umeme uliotoka kwenye betri. Tairi lenyewe huwa zito, na upepo unalisumbua zaidi. Ila tusilibebeshe lawama zote. Rimu ile ya inchi 21 ilichorwa makusudi ili ikate upepo, na rimu kubwa nazo zina gharama yake: Ford F-150 Lightning ya betri kubwa iliandikiwa maili 320, lakini toleo la Platinum, lenye rimu za inchi 22, likapewa 300.

Kwa fedha, hasara ya umeme si ya kutisha. Pikapu ya aina hii ikitembea maili 12,000 kwa mwaka hula karibu uniti 6,000. Ongeza asilimia 13 za matairi ya AT, na kwa anayechaji nyumbani kwa senti 17 hivi kwa uniti, nyongeza haifiki dola 150 kwa mwaka. Machungu yako barabarani, hasa wakati wa baridi, betri inapokuwa imekwishapoteza nguvu, au mtu anapovuta trela, kazi ambayo peke yake inaweza kukata nusu ya safari. Hapo kilomita 63 ndizo zinazoamua kama utafika kwenye chaja au utaita gari la kukuvuta. Na chaja za haraka za barabara kuu mara nyingi hutoza mara mbili au tatu ya bei ya nyumbani.

Kinachoumiza mfuko zaidi ni kuisha kwa matairi. R1T ina uzito wa zaidi ya tani 3, Hummer ya umeme inapita tani 4, na mota hutoa nguvu yote mara tu mguu unapogusa pedali. Michelin imesema matairi ya kawaida huisha kwa kasi ya asilimia 20 zaidi kwenye magari ya umeme. Ndiyo maana fundi makini hasomi saizi peke yake. Anatazama pia namba ya mzigo ubavuni. Namba 116, kwa mfano, maana yake kila tairi linabeba kilo 1,250. Tairi la bei poa lenye saizi ileile na namba ndogo ni hatari, hata kama linaingia kwenye rimu bila shida.

Watengenezaji wa matairi wameiona biashara hiyo. Toyo inauza Open Country A/T III EV, Hankook ina iON HT kwa wanaokaa kwenye lami. Tesla nayo ilianza kukabidhi pikapu yake ya Cybertruck mwishoni mwa 2023 ikiwa na matairi ya njia mbovu ya Goodyear, kisha ikaongeza chaguo la misimu yote. Nadhani mabadiliko hayo yanasema mengi kuhusu mahali magari hayo yanakoshinda.

AT ina hoja zake, na theluji ni mojawapo. Herufi M+S ubavuni zinaeleza umbo la kashata tu. Alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndiyo hutolewa baada ya tairi kujaribiwa kwenye theluji, na AT nyingi zinayo. Ubavu wake pia huvumilia mawe makali. Kwa mkazi wa milima ya Colorado anayeingia njia za vumbi kila wiki, ningemwambia alipe kilomita hizo bila kinyongo. Kwa fundi bomba wa Dallas anayezunguka mjini na vifaa vyake, misimu yote inatosha kabisa, tena atasikia redio vizuri: gari halina mngurumo, kwa hiyo mvumo wa AT unasikika wote. Baadhi ya matairi hubandikwa sponji kwa ndani ili kuupunguza. Tairi la namna hiyo likipata pancha, sponji lazima ikwanguliwe mahali penye tundu kabla ya kiraka kubandikwa, na si kila fundi atakubali kazi hiyo.

Wapo wanaonunua seti mbili na kuzibadilisha kwa majira. Hao wakumbuke kuliarifu gari pia. Kwenye Tesla, aina ya gurudumu huchaguliwa kwenye menyu ya huduma. Usipofanya hivyo, kilomita zinazoonekana kwenye skrini zitakuwa za matairi uliyoyaacha stoo.