Wazee wa Kagera wa Kilosa na Mikumi: Ushirika Uliobaki Misibani

Kizazi kilichopigana Vita vya Kagera kinaondoka bila kishindo, na wilaya ya Kilosa ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hilo, kuanzia mjini kwenye Reli ya Kati hadi Mikumi kwenye barabara kuu ya Zambia. Kijana aliyekwenda vitani mwaka 1978 akiwa na miaka 20 sasa anakaribia 70. Fundi wa ndege aliyefunzwa na Wakanada kati ya 1965 na 1970 yumo kwenye miaka 80 hivi, kama yu hai. Kufa kwao ni majaliwa ya Mungu. Linalosikitisha ni kwamba undugu uliowaunganisha unatangulia kufa, na hakuna aliyejiandaa kupokea ulichokuwa umebeba.

Jeshi la Anga la nchi hii lilijengwa kwa tabu. Wajerumani wa Magharibi walianza kulisaidia, wakaondoka mwaka 1965 katika ugomvi juu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki. Wakanada wakaingia na ndege za Caribou na Otter za kubebea watu na mizigo. Baadaye Wachina wakajenga kituo cha ndege za kivita Ngerengere, humu humu mkoani Morogoro. Marubani walikuwa wachache. Nyuma yao walikuwapo mafundi wa injini, waongoza ndege, madereva, wapishi, walinzi wa uwanja na vijana wa mizinga ya kutungulia ndege. Sifa iliwaendea walioruka, na waliobaki chini wakarudi kwao na cheti na medali.

Vita vilipoanza, anga ndiyo iliyotangulia kuwatia watu hofu. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin wa Uganda ziliishambulia Bukoba, kisha majeshi yake yakaivamia ardhi yetu hadi Mto Kagera. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, mshirika wa Amin, aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yake yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Siku chache baadaye ndege zetu zikajibu mapigo ndani ya Uganda. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Katika miezi hiyo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilivimba hadi kupita watu 150,000, miongoni mwao mgambo kama 40,000 waliotoka vijijini, pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Vita vilipokwisha, mkusanyiko huo ulitawanyika. Askari wa kudumu walirudi kambini na baadaye wakastaafu kwa utaratibu wa jeshi. Wengi wa mgambo walirudi moja kwa moja kwenye jembe, kwenye mashamba ya mkonge na kwenye reli. Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipotokea. Wote walikula mavumbi yale yale ya Kyaka kule vitani, lakini mmoja ana namba ya jeshi, faili na pensheni, na mwingine ana hadithi tu. Chama cha wastaafu wa jeshi kinamfikia wa kwanza kwa urahisi. Wa pili hana hata pa kujiandikisha.

Ufa wa pili ni wa jiografia. Mikumi na Kilosa zimo katika wilaya moja, lakini barabara inayoziunganisha imekuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi. Mzee mwenye presha na magoti mabovu hawezi kuipanda bodaboda kwenda kikao cha nusu saa. Wengine wamechukuliwa na watoto wao, wakahamia Morogoro au Dar es Salaam kufuata kliniki ya sukari. Mafuriko ya Mto Mkondoa mwanzoni mwa 2010 nayo yalizibomoa nyumba Kilosa na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Nyumba ya udongo ikianguka majini, sanduku la bati lenye vyeti na picha za kambini huenda nayo.

Kilichowashikilia wazee hawa, zaidi ya chama chochote, ni imani. Sababu iko wazi. Msikiti na kanisa vina mahali, vina ratiba isiyohitaji barua ya mwaliko, na vina wajibu wa kumzika mtu awe tajiri au fukara. Mzee asipoonekana Ijumaa au Jumapili, kuna atakayeuliza. Jumuiya ndogo ndogo itakwenda kumwombea nyumbani, na majirani wa msikitini watamsomea dua. Nimewaona wazee wa imani mbili tofauti wakiketi mkeka mmoja msibani, mmoja akijibu “Amina” kwa dua ya mwenzake bila kusitasita, kwa sababu walilala handaki moja kabla ya kujuana dini zao. Ushirika wa namna hiyo haufundishwi katika semina.

Lakini imani ina mipaka yake, na mipaka hiyo inaonekana wazi siku ya maziko. Mwislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile. Habari inapowafikia wenzake wa kikosi walioko Mikumi au Dumila, udongo umeshafukiwa. Kwa Mkristo kuna nafasi zaidi, na kuna wasifu wa marehemu. Wasifu huo huandikwa usiku wa matanga, aghalabu na mjukuu, kwenye karatasi ya daftari. Una tarehe ya kuzaliwa, shule, ndoa, idadi ya watoto na wajukuu, maradhi na hospitali alizopitia. Jeshi hupewa mstari mmoja: “Aliwahi kulitumikia taifa katika Jeshi la Wananchi.” Kikosi hakitajwi, wala mwaka, wala kazi aliyoifanya. Mjukuu hakukusudia kumpunja babu yake. Hakuwa na wa kumuuliza, na wachache waliojua walikuwa bado njiani.

Hivyo dini inamhifadhi mtu na kumpoteza askari. Dola nayo inafanya kinyume chake. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa linasimama kwa heshima. Mkuu wa nchi huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na kwa niaba ya wazee wastaafu huwekwa shoka. Viongozi wa dini huomba kwa zamu. Kaboya, mkoani Kagera, wamezikwa mashujaa zaidi ya mia sita katika makaburi yanayotunzwa vizuri. Hayo yote ni haki na yanastahili kuendelea. Lakini sherehe ya kitaifa inawakumbuka mashujaa kwa jumla yao. Mzee wa Mikumi huisikiliza redioni, na jina lake halimo.

Kati ya kumbukumbu hizo mbili, waliokuwa wakiijaza nafasi ni wenzake, watu walioweza kusema: huyu alikuwa fundi wetu, siku ile alifanya hivi. Sasa wenzake hao wanakutana msibani tu, na kila wanapokutana wamepungua mmoja. Ushirika wa aina hiyo hauwezi kujijaza upya.

Kilosa imeshapitia hasara ya namna hii. Majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliingia hapa Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yakiwafukuza Wajerumani, na pande zote mbili zilibebewa mizigo na Waafrika waliokufa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa. Mwaka 1927 Tume ya Makaburi ya Vita ya dola ya Kiingereza ilisimamisha sanamu ya Askari Dar es Salaam, yenye maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, kwa heshima ya wapiganaji na wapagazi. Sanamu ipo hadi leo. Majina ya wapagazi waliotoka vijiji vya huku hayapo, na kizazi kilichoyajua kimekwisha.

Wapo waliojiandalia mwisho wao. Wamarekani 80 walioruka na ndege 16 chini ya Doolittle kuishambulia Japani tarehe 18 Aprili 1942 walikutana karibu kila mwaka baada ya vita. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha fedha chenye jina lake, nacho kiligeuzwa kifudifudi alipofariki. Mwaka 2013, walipobaki wanne, walifanya mkutano wa mwisho kwa hiari yao, wakafunga. Wa mwisho wao alifariki mwaka 2019, na hakuna jina lililopotea. Walikuwa na nchi tajiri nyuma yao, ni kweli, lakini orodha ya majina haihitaji utajiri.

Kwa Kilosa yapo mambo yanayowezekana. Ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa Wilaya ipo, na watendaji wa kata wanazijua nyumba za wazee. Liandikwe daftari moja kwa kila kata: jina, kikosi, kazi aliyoifanya, mwaka alioingia na aliotoka, na waandikwe mgambo sawa na askari wa kudumu. Nakala ikae msikitini na kanisani, kwa sababu huko ndiko taarifa ya kifo hufika kwanza. Tarehe 25 Julai isomwe dua ya pamoja Kilosa na nyingine Mikumi, majina yatajwe moja moja. Wanafunzi wa sekondari watumwe na simu zao kuwarekodi wazee, wakianza na wale wagonjwa. Wajane nao waulizwe, maana wengi wao wanayajua mambo ambayo faili la jeshi halina.

Hatua hizi hazitauokoa ushirika wenyewe. Huo utakwisha pamoja na waliouunda, na ni lazima tukubali hivyo. Zitakachookoa ni ushahidi wao, na muda wa kuuchukua unahesabika kwa miaka michache. Halmashauri inayoweza kuandikisha kila mkulima wa ruzuku ya mbolea haina udhuru wa kushindwa kuwaandikisha watu wachache waliokwenda vitani kwa niaba yake. Kazi hiyo ianze kabla ya Julai 25 ijayo.