Wapiga Picha za Sinema Wakija Mtaani

Mtu akishika karatasi yenye muhuri, wengi wetu hunyamaza. Nami, ingawa kazi yangu ya kila siku ni kuandika na kupiga mihuri karatasi za namna hiyo, nilinyamaza vile vile. Jambo lililotokea nataka kuwaeleza wasomaji, hasa wale wakaao mijini na wale walio na jamaa zao huko.

Jioni moja ya Ijumaa walifika mtaani kwetu, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, watu wa kupiga picha za sinema. Walikuwa na malori mawili, gari la maji, na mtambo mkubwa wa umeme uliokokotwa nyuma ya lori. Mkubwa wao, kijana mwenye adabu, alitueleza kwamba mchezo wao unahitaji barabara nyembamba yenye nyumba za mawe, na mvua inyeshe usiku. Nyumba tunazo, mvua waliileta wenyewe katika lile gari. Mifereji yetu ilikuwa mikavu tangu Jumanne, na akina mama wenye ndoo tupu waliitazama mvua ile ikimwagwa juu ya mabati kwa macho ambayo sitayasahau.

Kabla hawajaanza, majirani waliniita. "Bwana Karani, wewe ndiwe unayezijua karatasi. Itazame yao." Nikaisoma. Ilikuwa leseni ya kupiga filamu, ina jina la filamu, tarehe, sahihi na muhuri. Nikawarudishia, nikasema, "Mambo yote ni sawa."

Hayakuwa sawa. Saa nne usiku mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Teksi iliitwa, ikafika mwanzo wa barabara, ikashindwa kuingia, kwa maana lori moja liliegeshwa upande huu na la pili upande wa pili, na katikati pametandazwa nyaya nene za umeme. Dereva wa lori la kwanza alikuwa amekwenda kula, na ufunguo u mfukoni mwake. Kumwita kwa sauti hakukufaa kitu, kwa jinsi ule mtambo ulivyonguruma. Basi tulimketisha mama yule juu ya kiti, tukambeba wanaume wanne, tukaziruka nyaya, tukapita chini ya ile mvua ya uongo, hata tukaifikia teksi. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya saa sita, mzima. Lakini baba yake hakunisalimu kwa muda wa wiki mbili, wala simlaumu.

Katika wiki hizo mbili nilitafuta sheria zenyewe nikazisoma, jambo ambalo lilinipasa kulifanya kabla ya kufungua kinywa changu. Nikaona kosa langu. Karatasi niliyoisoma ilikuwa halali, ila ilikuwa ya jambo moja, na pale mtaani palikuwa na mambo matatu.

La kwanza ni filamu yenyewe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, ilisema kwamba filamu ya kuonyeshwa watu wote au ya kuuzwa isipigwe pasipo leseni, na kwamba aombaye aandike maelezo kamili ya matukio yatakayoonekana, pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Tazama basi afisa wa leseni anapima kitu gani. Anapima hadithi. Karatasi mezani pake haimwonyeshi upana wa barabara yetu, wala haimwambii kwamba nyumba ya tano yumo mama mjamzito.

La pili ni barabara. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia serikali za kaunti kazi ya trafiki na uegeshaji wa motokaa katika barabara zao. Wakazi wa Nairobi hulijua jambo hili kwa njia ya mfuko: mwaka 2013 ada ya kuegesha katikati ya jiji ilipopandishwa kutoka shilingi 140 hadi 300 kwa siku, kelele zilikuwa nyingi. Lakini kulipa ada ya kuegesha si kununua barabara. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humkataza mwenye gari kuliacha mahali ambapo litawazuia wengine au kuwatia hatarini, awe amelipa au hakulipa. Anayetaka kuifunga njia kwa saa kadhaa hana budi kupata idhini ya wakubwa wa barabara ile, na idhini ya namna hiyo ni karatasi mbali na leseni ya filamu.

La tatu ni kelele, na hapa nataka kukawia kidogo, maana watu hudhani kelele ni jambo la kuvumiliana tu. Kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kipimo. Sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida, sauti yao hukaribia desibeli 60; mnong'ono ni kama 30. Kwa mahali pa kukaa watu, nje ya nyumba, kanuni zile ziliruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe ulihesabiwa kuanzia saa mbili kamili hata saa kumi na mbili alfajiri. Msomaji asidhani kwamba 50 na 35 ni hesabu za karibu. Kila desibeli kumi zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Mtambo wa umeme unguruma saa nne za usiku chini ya dirisha hauwezi kuingia katika kipimo hicho hata ukifunikwa kwa magodoro, kama vijana wale walivyojaribu kufanya.

Tena, kanuni hizo hazikuhesabu desibeli peke yake. Zilitaka kuangalia ni saa ngapi, ni karibu na nyumba za watu au sivyo, kelele ni ya mfululizo au ya kupita, na kama yaweza kupunguzwa pasipo taabu wala gharama kubwa. Swali hili la mwisho lilinigusa sana. Mtambo ule ungeweza kuwekwa nyuma ya ukuta wa soko, hatua mia mbili kutoka pale, kama wangekuwa na waya mrefu zaidi. Hatukuwaomba. Tulitazama muhuri.

Sisemi haya kwa kuwachukia watu wa sinema. Nchi yetu imewapokea tangu zamani: sehemu za filamu ya "Mogambo" ya mwaka 1953 zilipigwa Kenya, na "The Constant Gardener" ya mwaka 2005 ilipigwa Kibera. Wakija, vijana hupata kazi ya kubeba vyombo na kulinda, na mama ntilie huuza chakula siku nzima.

Ndiyo sababu kundi la pili lilipofika, miezi saba baadaye, niligombana na vijana wa mtaa. Mkubwa wa kundi alinipa leseni, nami nikamwuliza, "Na ruhusa ya barabara, bwana? Na mtambo huu utanyamaza saa ngapi?" Hakuwa na jibu. Wakapakia vyombo wakaondoka, na vijana waliokuwa wametumaini mshahara wa siku tatu wakanijia mlangoni. "Mzee, umetufukuzia riziki." Jirani yangu, baba wa yule mtoto, ndiye aliyesimama kunitetea. Hata hivyo usiku ule sikulala vizuri, kwa maana miongoni mwa vijana wale wako wanaolisha wazazi wao.

Baada ya siku nane kundi lilirudi na karatasi zao zote. Malori waliyaacha katika uwanja wa kanisa kwa makubaliano na wazee wa kanisa, wakaacha upande mmoja wa barabara wazi, wakawaajiri vijana kumi na mmoja. Ilipopata saa mbili kasorobo usiku mkubwa wao alitazama saa yake, akaamuru mtambo uzimwe. Tukio moja lilikuwa halijamalizika. Walilipiga kesho yake mchana, wakiwa wametandika mapazia meusi madirishani ili paonekane usiku.