Taa za mbele za kuinuka

Taa za mbele za kuinuka ni taa za gari zinazojificha ndani ya sehemu ya mbele ya bodi wakati hazitumiki, kisha huinuka dereva anapoziwasha. Zilitumika hasa kwenye magari ya michezo tangu miaka ya 1960 hadi 1990. Taa ya kawaida ikigoma, kosa huwa kwenye balbu, fyuzi, swichi au waya. Taa ya kuinuka ina pia mota na vyuma vya kuisukuma, hivyo balbu inaweza kuwa nzima kabisa na dereva bado akabaki gizani.

Historia

Gari la kwanza la kiwandani kuwa na taa za aina hii lilikuwa Cord 810 la Marekani, lililooneshwa mwaka 1935. Dereva alizungusha mpini kwa mkono, mmoja kwa kila taa. Lotus Elan ya mwaka 1962 ilitumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na Chevrolet Corvette ya mwaka 1963 ilitumia mota za umeme. Japani iliingia na Toyota 2000GT mwaka 1967, ikifuatwa na Mazda RX-7, Toyota MR2, Celica na Supra, Nissan 180SX, Honda NSX na Mazda MX-5.

Sababu yake haikuwa urembo peke yake. Sheria za Marekani zilidai taa za umbo na ukubwa maalumu, zikae juu ya kimo fulani kutoka ardhini, ilhali wabunifu walitaka pua ya gari iwe chini ili ipasue hewa vizuri. Mwaka 1983 Marekani iliruhusu taa za maumbo mengine na sababu hiyo ikapungua nguvu. Baadaye masharti ya Ulaya ya kuwalinda waenda kwa miguu yalifanya kitu kinachochomoza juu ya boneti kiwe tatizo. Corvette na Lotus Esprit zilikuwa za mwisho kutengenezwa kwa wingi zikiwa nazo, mwaka 2004.

Afrika Mashariki inazifahamu kupitia Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Toyota Celica GT-Four aliyoshinda nayo Björn Waldegård wa Uswidi mwaka 1990 ilitokana na toleo lenye taa za kuinuka. Toleo lililofuata, nalo la taa hizo, lilishinda mwaka 1992 kwa Carlos Sainz, 1993 kwa Juha Kankkunen na 1994 kwa Mkenya Ian Duncan.

Jinsi zinavyofanya kazi

Katika magari mengi ya Japani kila taa ina mota yake. Mota huzungusha mkono mfupi wa chuma, nao husukuma fito iliyoungwa kwenye nyumba ya taa. Kwa mfano katika Mazda MX-5 mota huzunguka upande mmoja tu: nusu mzunguko huinua taa, nusu inayofuata huilaza. Swichi ndogo ndani ya mota hukata umeme taa inapofika mwisho wa safari yake. Umeme huja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi kubwa na rilei. Balbu ina njia yake tofauti ya umeme, na hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka wakati wa kutafuta kosa.

Kutafuta hitilafu

Fundi mzuri haanzi kwa kufungua mota. Huanza kwa kuuliza: ni taa moja iliyogoma au zote mbili? Zikigoma zote kwa pamoja ni nadra mota mbili kufa siku moja. Kosa hutafutwa kwenye kile zinachoshirikiana, yaani fyuzi, rilei, swichi ya dereva au betri iliyochoka. Ikigoma moja, kosa liko upande huo: plagi ya mota, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, mota yenyewe au vyuma vyake.

Kisha husikiliza. Mota ikilia bila taa kusogea, meno ya gia yamekwisha au mkono umelegea kwenye mhimili wake. Rilei ikigonga na mota ikabaki kimya, umeme haufiki au mota imekwama. Taa inayopanda na kushuka bila kukoma huonesha kuwa swichi ya ndani ya mota haikati umeme, mara nyingi kwa uchafu au kutu. Taa inayopanda kwa uvivu ina grisi iliyokauka, bushi zilizoliwa au umeme hafifu.

Umeme hafifu hupimwa kwa multimita. Betri nzima iliyopumzika huwa na takriban volti 12.6. Kipimo hufanywa kwenye plagi ya mota wakati mota inajaribu kufanya kazi, si ikiwa imepumzika, kwa sababu waya ulioliwa na kutu huonekana mzima hadi uombwe kubeba mzigo. Ikipungua zaidi ya volti moja chini ya ile ya betri, waya au kiungo kinakula umeme. Watu wengi hununua mota mpya wakati dawa ilikuwa kusugua kiungo cha waya wa hasi kwa msasa.

Katika magari ya mvuto wa hewa, kama Corvette za miaka ya 1970, kosa la kawaida ni mpira uliopasuka. Taa hupanda taratibu, au moja hubaki nyuma ya mwenzake.

Mazingira ya Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, magari ya aina hii ni machache. Barabara zimejaa Land Cruiser, Noah, Probox na pikipiki. Hata hivyo maadui wa taa ni wale wale. Nje ya lami ya Sirari hadi Mwanza, barabara za vumbi zina matuta madogo yanayotetemesha gari na kulegeza bolti na plagi. Vumbi likiingia kwenye vyuma vilivyopakwa grisi nyingi hugeuka kuwa msasa, kwa hiyo vyuma husafishwa kwanza na grisi mpya hupakwa kidogo. Masika na vuli huleta tope na maji yanayopenya kwenye mota.

Taa moja isiyowaka si jambo dogo huko. Ng'ombe huvuka barabara jioni, na karibu na mpaka wa Hifadhi ya Serengeti huvuka wanyamapori. Isitoshe, gari lenye taa moja hudhaniwa na anayelikabili kuwa ni pikipiki, naye hulipa nafasi ndogo kuliko linayohitaji.

Taa ikigoma kuinuka usiku, magari mengi yenye mota za umeme yana kitufe cha kuzungusha kwa mkono juu ya mota, mara nyingi chini ya kifuniko cha mpira. Fyuzi ya mota hutolewa kwanza, kwani mota inaweza kuanza ghafla na kukata vidole. Kitufe huzungushwa hadi taa isimame juu kabisa, na fyuzi huachwa nje ili isishuke tena njiani. Balbu ikiwa na fyuzi yake, huendelea kuwaka kama kawaida hadi gari lifike gereji.